Fundi wa Mabati Aliyevaa Tai

Leo nimefedheheka mchana peupe, mbele ya mashahidi kumi na wawili.

Picha inayozunguka katika kikundi hiki tangu saa kumi ni ya kweli. Huyo ni mimi. Hilo ni paa. Hiyo ni tai yangu ya kijani, na hicho kilichopasuka ndicho mnachodhani. Lakini maelezo yaliyoandikwa chini ya picha si ya kweli. Bwana Kirimi wa Mitunguu, aliyeandika kwamba "amesikia" nimeanza biashara ya kuezeka nyumba uzeeni, hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Kwa hiyo, walimu wastaafu wenzangu, nyamazeni kidogo niweke kumbukumbu sawa. Niliyoyaona nitayaandika kama niliyoyaona. Ya kusikia nitayataja kuwa ya kusikia.

La kusikia lilikuwa moja tu, na ndilo lililoniangamiza.

Kijana mmoja aitwaye Mugendi, mfanyakazi wa mjini Embu, aliniambia kwamba anauza nyumba ya mawe ya marehemu baba yake kule juu Kianjokoma. Nyumba hiyo naijua. Mke wangu, Mungu amrehemu, alizaliwa ng'ambo ya mto kutoka hapo, na kila tulipopita alikuwa akilinyoshea kidole bomba lake la moshi na kuniambia, "Mwalimu, siku moja." Siku hiyo haikufika. Tangu alipofariki ninaishi Karurumo, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mwanangu, ambako ninaheshimiwa sana na hakuna anayenisemesha. Nikawaza: kwa nini nisiinunue, nikaikarabati, nikamalizia siku zangu mbele ya moto niliouwasha mwenyewe?

Mnanijua. Sinunui maneno. Nilikwenda kwa miguu yangu hadi ofisi ya ardhi, nikaona kwa macho yangu kwamba hati imeandikwa jina la Mugendi na haina kizuizi wala kesi. Nikauliza majira ya mto, nikauliza njia ya gari, nikataka kila jibu kwa maandishi. Jambo moja tu sikulihakiki. Mugendi alikuwa amesema, "Mzee, hiyo nyumba ni tupu. Hakuna mtu huishi huko." Nikaliandika daftarini bila alama ya kuuliza. (Maisha yangu yote nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu, na kosa hilo sikuliona katika langu!)

Leo saa tatu asubuhi nikafika. Ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba ya chai. Lango lilikuwa limeng'oka, limeegemezwa kwenye mti. Madirisha ya mbele yamezibwa kwa mbao. Nikapiga hodi mara tatu, kama inavyopasa. Kimya. Nikatoa daftari nikaanza kuizunguka nyumba. Nikaandika kwamba mbao za ukingo wa paa zimeoza, kwamba mchwa wapo na hawana haraka, kwamba ukuta wa mashariki una ufa unaoingia vidole viwili. Nyuma, penye jiko la nje, nikakuta sufuria moja safi imefudikizwa juu ya jiwe. Nikaandika: "Mvamizi?"

Hapo ndipo nilipoiweka alama ya kuuliza. Mahali pasipostahili.

Kulikuwa na ngazi ya miti ukutani. Nikapanda vidato vitatu nilikague paa. Ndipo sauti ikatoka nyuma yangu. (Hii niliisikia kwa masikio yangu mwenyewe, kwa hiyo inahesabika.)

"Woi! Fundi! Umekuja!"

Nikageuka. Alikuwa mama mzee, labda ananizidi miaka michache, kikapu cha kuchumia chai mgongoni, koti la mwanamume limefika magotini. Alisema kwa Kiembu. Mimi naandika kwa Kiswahili kwa faida ya wenzetu wa Meru.

"Mugendi wangu alisema atanitumia fundi. Ni mwaka juzi hiyo. Hawa watu wakanicheka, nikawaambia, kijana wangu akisema, amesema. Shuka, baba. Shuka kwanza unywe chai, huko juu ni baridi."

"Mama," nikasema, "mimi si—"

"Najua si wewe wa kwanza. Wa kwanza hakufika. Keti."

Nikaketi. Nilikuwa na sentensi kamili mdomoni: Mimi ndimi ninayetaka kununua nyumba unayolala. Ni sentensi fupi. Jaribuni kuitamka mbele ya mtu anayewamiminia chai. Nikajiambia kwamba habari hiyo ni ya Mugendi, na kwamba mimi kuisema kungekuwa kumpelekea mama maneno ya mtu mwingine, jambo ambalo nimelipinga maisha yangu yote. (Mnaona jinsi kanuni njema inavyoweza kumsitiri mwoga.)

Akanionyesha chumba chake. Kitanda kimehamishwa mara nne kukimbia matone. Alama za miguu ya kitanda zimebaki sakafuni, nilizihesabu. Sasa kimefika pembeni na hakina pa kukimbilia tena. Juu ya blanketi kulikuwa na beseni. Chini ya kitanda akavuta mabati mawili mapya yaliyofungwa kwa gunia, nyundo ya marehemu mumewe, na misumari ndani ya kopo.

"Nilivinunua nikamngoja fundi," akasema. "Wewe niwekee tu hapa juu ya kitanda. Kwingine nitavumilia."

(Dirisha la chumba changu kule Karurumo nalo linangoja fundi. Mwanangu alisema atamtuma. Simlaumu mtu. Naandika tu.)

Basi nikapanda. Nina miaka sabini na minne. Mara ya mwisho kupanda juu ya paa ilikuwa wakati tulipokuwa tukijenga madarasa kwa harambee, wengi wenu mkinishikia ngazi. Koti nilivua nikaliacha kwenye kigoda pamoja na simu. Tai sikuivua. Nilijiambia kwamba fundi aliyevaa tai si fundi hasa, ni mgeni anayesaidia.

Bati la kwanza likakaa. La pili nikalifikisha nusu, pumzi ikaniishia, nikaketi kidogo. Msumari mmoja wa zamani ulikuwa umeketi pale kabla yangu. Nilipojaribu kusimama, nikasikia kitambaa kikiachana kuanzia mshipi hadi nyuma ya goti.

Na hapo hapo nikasikia nyimbo!

Leo ilikuwa zamu ya Mama Mugendi kutembelewa na akina mama wa kanisa. Wakaingia langoni kumi na mmoja, kwa safu, wakiimba. Aliyewaongoza alikuwa Wanjira. Baadhi yenu mtamkumbuka: nilimfundisha darasa la saba, alikuwa na mwandiko mzuri na mdomo usiofungika.

"Cucu," Wanjira akamwita bibi yetu, "ni nani huyo ako juu?"

"Ni fundi! Mugendi amemtuma!"

Wakapiga vigelegele. Kisha wakainamisha vichwa wakaomba, na maombi hayakuwa mafupi. Walimshukuru Mungu kwa Mugendi, mtoto asiyemsahau mzazi. Wakamwombea afya na kupandishwa cheo. Wakaiombea na mikono ya fundi. Mimi nilikuwa juu, macho nimeyafumba kwa adabu, mkono mmoja umeshika nyundo, wa pili umeshika suruali.

"Amina," wakasema. Wanjira akafumbua macho kabla ya wengine.

"Ngoja. Huyu si Mwalimu Njeru?"

"Ndiye," nikajibu.

"Ai! Mwalimu! Kazi ya mabati ulianza lini?"

"Leo."

"Na hiyo suruali?"

"Pia leo."

Wakacheka hadi mmoja akaketi kwenye nyasi. "Haki, Mwalimu," Wanjira akasema, akipekua mkoba wake, "ulinichapa viboko viwili kwa sababu nilisema 'nimesikia'. Sasa leo mimi nimeona!" Akatoa simu akapiga picha. Hiyo ndiyo asili ya picha mliyo nayo. Asili nyingine yoyote mtakayoelezwa ni uongo.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuja kucheka nanyi baada ya mwezi mmoja au miwili. Lakini simu yangu ikaanza kulia juu ya kigoda.

"Mwalimu, simu! Imeandikwa 'Mugendi Nyumba'."

"Ni kijana wangu!" Mama akafuta mikono kwenye leso. "Mwambieni fundi ako kazini! Mwambieni amefika!"

Ningeweza kusema iacheni ilie. Ningeweza kusema nitampigia. Wanjira akauliza, kwa heshima kabisa, "Nipokee nikuambie anasema nini?" Na maisha yangu yote yakajibu kwa niaba yangu.

"Sitaki kuambiwa anasema nini! Weka spika nisikie mwenyewe!"

Akaweka spika. Mwanafunzi mtiifu, mara moja tu katika maisha yake.

"Mzee, umefika?" ikatoka sauti ya Mugendi, safi, ikasikika kiwanja kizima. "Umeona nilikuambia ni mahame? Hakuna mtu hapo. Tukishaandikiana, bomoa hiyo kitu yote. Na ukipata mama fulani hapo usimsikize, mzee, huyo nitamtafutia pa kuweka. Hello? Mzee?"

Hakuna aliyecheka tena. Wale akina mama waliangalia chini, kila mmoja akitazama viatu vyake. Mama Mugendi akaisogelea simu mkononi mwa Wanjira, akainama kidogo.

"Mugendi?"

Simu ikakatika. Kama aliikata au mtandao ulipotea, siwezi kusema.

Akaniinulia macho. Wala hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Kwa hivyo wewe si fundi."

"Si fundi, mama."

"Wewe ni yule wa kununua."

"Ndiyo, mama. Nilikuja kuangalia."

Akaliangalia bati la pili. Nilitamani paa lipasuke linimeze, na lilikuwa na uwezo huo. Kisha akauliza, "Na hiyo bati imebaki misumari mingapi?"

"Mitatu."

"Basi maliza. Mawingu ndiyo hayo."

Nikamaliza. Wanjira akanishikia ngazi bila neno, na nilipofika kidato cha mwisho akafungua leso yake akanipa, akageuza uso. Nikaifunga kiunoni. Ina maua mekundu makubwa. Hakuna aliyepiga picha hiyo, na ninalitaja kwa shukrani.

Chini nikamwambia mama kwamba sinunui. Hilo naweza kulithibitisha kwa kuwa ni langu. Mengine siyathibitishi. Wanjira anasema amesikia kuna mnunuzi mwingine, mtu wa gari kubwa. Mwingine anasema kanisa litamwita Mugendi. Sikuyaandika. Hati ni ya Mugendi. Hiyo niliiona, na ningependa iwe miongoni mwa mambo niliyoyasikia.

Suruali chekeni. Ni haki yenu.

Mvua ilianza saa nane kasoro. Tulikuwa tumejibana sote ndani ya kile chumba, mimi na leso yangu, akina mama na vikombe. Maji yakaingia mahali patano, nilihesabu. Mama Mugendi akangoja, akiangalia juu. Akangoja tena. Kisha akaliondoa beseni juu ya kitanda, akaliweka mlangoni penye tone jingine, akarudi akaketi.

Nikaweka kiganja changu juu ya blanketi. Lilikuwa kavu.