Dohani ya Mkurugenzi wa Moshi

Serikali ilitangaza, kwa furaha isiyo kifani na kupitia vipaza sauti vya soko, kwamba wananchi wamekomaa. Ushahidi wa ukomavu huo ulikuwa huu: kuanzia msimu huo wa baridi, hakuna kaya ambayo ingemwita fundi wa dohani, lile bomba la kutolea moshi wa meko, kabla haijajaribu kusafisha dohani yake yenyewe, ikashindwa, na kushindwa huko kukathibitishwa na Kamati ya Kutambua Wakati Mwafaka wa Kumwita Fundi. Ambaye kushindwa kwake kungethibitishwa angepewa Cheti cha Kushindwa, na jina lake kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, ili jamii imfahamu na kumwonea huruma kwa utaratibu.

Aliyeandika kanuni hiyo alikuwa Mkurugenzi wa Idara ya Moshi wa Majumbani. Alikuwa zao la shule ya bweni, na tena kiranja wa usafi, na hakuwahi kusahau kwamba mwanamume aliyetandika kitanda chake kikanyooka kama karatasi hana sababu ya kumwita mtu yeyote kwa jambo lolote. Nyumbani kwake alinyoa ndevu kwa maji baridi ingawa ya moto yalikuwepo. Yale ya moto aliyatumia mkewe.

Kamati ilifanya kazi kwa bidii. Ilijadili kwa kina namna ya kuzungusha zile fito ndefu, zinazounganishwa kwa skurubu, zinazoisukuma brashi juu ya dohani kukwangua masizi. Wajumbe waliokaa upande wa dirishani walitaka zizungushwe kulia. Waliokaa upande wa mlangoni walisema kulia kumependelewa vya kutosha katika historia ya taifa. Maneno yakawa makali, mjumbe mmoja akavua miwani. Mkurugenzi, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaamua kwamba kila mwananchi azungushe nusu kulia na nusu kushoto, pasiwe na upande wa kunung'unika. Kamati ikapiga makofi, ikaahirishwa.

Fundi pekee wa dohani mjini, ambaye kila mtu alimwita Masizi, hakusahauliwa. Ilionekana si salama kumwacha akizurura mitaani, ambako angeweza kusafisha dohani ya mtu wakati wowote. Akaajiriwa kuwa Afisa Mwandamizi wa Utambuzi. Akapewa shati jeupe, mhuri, na kiti kinachozunguka, akapigwa marufuku kugusa masizi, kwa kuwa afisa hawezi kuwa mwamuzi na papo hapo mshika brashi. Masizi alilipenda shati lile hivi kwamba aliacha kuegemea kuta.

Matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Mji mzima ulisafisha dohani, na karibu katika kila nyumba brashi ilipanda na haikushuka. Idara iliripoti ongezeko kubwa la brashi za kudumu.

Waziri alifurahi. Akatuma salamu kwamba angependa kunywa chai nyumbani kwa Mkurugenzi, mbele ya meko ya sebuleni, auone mfano wa usafi huo kwa macho yake. Na kama mfano huo ungempendeza, nafasi ya Katibu Mkuu ilikuwa wazi na ilikuwa ikimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi aliitamani nafasi ile kuliko alivyowahi kutamani kitu. Asubuhi ya siku ya ugeni alivaa aproni ya mkewe, akapiga magoti mbele ya meko, akazungusha fito nusu kulia, nusu kushoto, kwa uaminifu kamili.

Mama mkwe wake alikuwa kwenye kiti chake, akimtazama.

"Mkwe," alisema, "naona ufito umerudi peke yake. Mwenzake yuko wapi?"

"Brashi imebaki kazini, mama."

"Itatoka saa ngapi?"

Mkurugenzi alikuwa amelala chali, kichwa ndani ya meko, akitafuta mwanga juu. Mwanga haukuwepo.

"Mwite Masizi," mkewe alisema kutoka mlangoni.

"Nikimwita, nitakuwa nimeshindwa. Jina langu litabandikwa kwenye ubao niliouzindua mwenyewe. Nilikata utepe, mke wangu. Ulikuwepo."

"Basi leo usiwashe moto."

"Waziri anakuja kuota moto. Unataka aote majivu?"

"Nataka mama apumue."

"Mimi msinitie humo," mama mkwe alisema. "Mimi nataka kuona."

Waziri aliwasili mchana, mtu mnene mwenye koti la rangi ya maziwa. Moto uliwashwa. Moshi ulipanda kidogo, ukakuta njia imezibwa, ukarudi sebuleni na kukaa pamoja na wageni. Waziri alipokea kikombe chake mahali alipokadiria kwamba kilikuwepo.

"Hongera," alisema, akikohoa. "Nyumba ina joto. Huu ni moshi?"

"Ni moshi wa mpito, Mheshimiwa."

"Unapita kwenda wapi?"

"Bado unashauriana."

Waziri alitikisa kichwa kwa kuridhika, machozi yakimtiririka, akasogea karibu na meko ili ajionee. Hapo ndipo bonge la masizi, lililokuwa limeegemea ile brashi ya kudumu, lilipochoka kuegemea. Lilishuka lote. Lilipotulia, koti la rangi ya maziwa halikuwepo tena, na uso wa Waziri ulikuwa macho tu. Mama mkwe aliinuka bila haraka, akamimina birika zima la chai juu ya moto, akarudi kukaa.

"Mwiteni fundi," Waziri alisema kwa sauti ndogo.

Masizi alikuja na shati lake jeupe, akasimama mlangoni ambako hewa ilikuwa safi.

"Anayemwita fundi ni nani?"

"Huyu," mama mkwe alisema, akimwonyesha Waziri kwa kidole.

"Ameshajaribu mwenyewe?"

"Masizi," Mkurugenzi alisema, "huyu ni Mheshimiwa Waziri."

"Namtambua. Ndiyo kazi yangu, kutambua. Lakini kanuni yako inasema anayemwita fundi hujaribu kwanza. Haikutaja koti."

Waziri alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alitazama zulia. Kwa kuwa Waziri mwenyewe ndiye aliyetia saini kanuni, na mpiga picha wa wizara alikuwa dirishani, hapakuwa na pa kutokea. Waziri alipiga magoti, akaunganisha fito na brashi ya akiba, akazungusha nusu kulia, nusu kushoto. Ufito ulirudi peke yake.

"Sasa wako wawili," mama mkwe alisema. "Watapiga soga."

Masizi, kwa niaba ya Kamati, akajaza Cheti cha Kushindwa kwa jina la Waziri, akakigonga mhuri, akakipuliza wino ukauke.

"Sawa," Mkurugenzi alisema, pumzi zikimrudi. "Panda sasa."

"Nani?"

"Wewe."

"Mimi ni afisa, Mkurugenzi. Afisa hagusi masizi. Cheti kinamruhusu Mheshimiwa kumwita fundi."

"Basi mwite fundi."

"Fundi alikuwa mimi."

Kipande cha masizi kilidondoka ndani ya meko.

"Jiuzulu basi," Waziri alisema. "Kwa saa moja tu."

"Mheshimiwa, nina kiti kinachozunguka."

Waziri aliifikiria hoja hiyo, akaiona haina jibu. Kisha akakumbuka mamlaka yake.

"Tunahitaji mtu asiye afisa. Mkurugenzi, kwa mamlaka niliyokabidhiwa, nakuondoa kazini. Kuanzia sasa wewe ni fundi wa dohani. Masizi atakaimu ukurugenzi."

"Mheshimiwa, nilitarajia kupandishwa."

"Ngazi iko nyuma ya jiko," mkewe alisema. "Twende, nitakushikia."

Alipanda akiwa na aproni. Juu ya paa upepo ulikuwa mkali, na mji wote ulionekana, dohani kwa dohani, moshi ukitokea madirishani. Alishusha fito ndani, akazungusha nusu kulia, na mkono wake, kwa nidhamu ya miaka mingi, ukaanza kwenda kushoto.

"Kulia tu," Masizi alisema kutoka chini ya ngazi, kwa sauti ya mtu aliyeponyokwa na neno. "Kushoto unafungua skurubu."

"Kwa nini hukusema kwenye kamati?"

"Kamati haikuniuliza. Ilinipa kiti."

Akazungusha kulia, na kulia tena, akasukuma. Brashi zikaanguka mekoni moja baada ya nyingine, na mama mkwe akazitangaza kwa sauti kama anapokea wageni. Dohani ilivuta pumzi. Moshi uliobaki sebuleni ukapanda, ukapita karibu na sikio la fundi mpya, ukaenda zake angani.

Majirani walikuwa wameshakusanyika barabarani. Mmoja alimwuliza fundi kama kesho ana nafasi. Mwingine akasema yeye ameomba kwanza. Fundi aligundua, kwa mshangao, kwamba walikuwa wakimwita kwa upole, na kwamba alipokuwa mkurugenzi hakuna aliyewahi kumwita namna ile. Alitamani kukunja uso, ukakataa.

Waziri alijipenyeza mbele ya wote, kope zake zikiwa ndizo pekee safi.

"Fundi," alisema akitazama juu, "hata kwangu moshi unarudi. Wiki nzima tunalala na madirisha wazi. Ukishuka hapo, nitakupeleka kwa gari langu."

Fundi aliupangusa ufito taratibu kwa aproni, kutoka ncha hadi ncha.

"Umeshajaribu mwenyewe, Mheshimiwa?"

"Cheti si ninacho?"

"Hicho ni cha dohani hii," fundi alisema. "Ya kwako, anza kwanza wewe."