Madonge ya Kuku kwa Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa sita. Butembo.

Barua ya uhamisho imefika. Kuanzia mwezi ujao nitafanya kazi Beni. Ofisi haitoi nyumba. Natumikia idara ya urbanisme, inayopima na kuandikisha nyumba za watu wote, na mimi mwenyewe sina hata kibanda. Wenzangu ofisini wamecheka. Mimi sikucheka.

Lakini dawa ipo. Baba mkwe wangu, mzee Kataliko, analima viazi Alimbongo, na ana nyumba ya matofali mjini Beni. Wapangaji wametoka. Jumapili atakuja kula kwetu hapa mtaa wa Vulamba. Mke wangu Jeannine anasema baba yake anataka kuchagua mkwe mmoja wa kumkabidhi nyumba hiyo. Wakwe tuko wawili: mimi, na Josaphat, mume wa dada yake Mariette. Josaphat anauza vyombo vya umeme. Ana duka, ana gari, ana tumbo. Mimi nina diploma.

Jumanne, tarehe 6

Nina wasiwasi, na sababu yake ni firigisi.

Huku kwa Wanande, kama kwetu Kikwit, firigisi ya kuku ni ya mgeni mkubwa. Hilo silipingi. Lakini mzee Kataliko ana desturi yake. Yeye hali firigisi peke yake. Anaikata katikati, na nusu anampa yule ambaye moyo wake umemchagua. Hasemi neno, na kila mtu anaelewa. Siku ya harusi yangu, harusi yangu mimi, nusu alipewa Josaphat! Picha iko sebuleni. Ninatabasamu kama mtu anayeumwa jino.

Ikitokea tena Jumapili, nyumba imekwenda.

Nimemuuliza Jeannine kama hatuwezi kupika samaki. Amejibu kwamba baba yake hatoki Alimbongo kuja kula samaki, na kwamba jogoo amekwisha kufungwa nyuma ya jikoni. Nimekwenda kumtazama. Ni jogoo mkubwa. Bila shaka na firigisi yake ni kubwa.

Jumatano, tarehe 7

Ukombozi umetoka kwa adui.

Nilipita dukani kwa Josaphat kumsalimia, yaani kumpeleleza. Alikuwa anamwonyesha mteja mashine nyeusi yenye tumbo kama lake. Inakaanga kwa hewa ya moto, bila mafuta. Juu ya boksi kuna picha ya madonge ya nyama ya kusaga, yamepangwa vizuri, mekundu mekundu. Nikasimama pale nikiyatazama mpaka mteja akaondoka.

Kuku aliyesagwa hana paja. Hana kidari. Hana firigisi. Ni madonge, na madonge yote ni sawa. Mzee atakata nini? Atampa nani?

Nimemwomba Josaphat aniazime mashine. Amekubali mara moja, akasema baba akiiona pengine ataipenda. Amenipa mwenyewe fimbo ya kumchapia. Karibu nimhurumie.

Jeannine nimemwambia ni kwa ajili ya afya ya baba, kwa sababu daktari amemkataza mafuta. Amesema baba yake hajawahi kumwona daktari. Nimesema basi tusingoje mpaka amwone.

Alhamisi, tarehe 8

Jaribio la kwanza, kwa nyama ya ng'ombe. Nilisaga, nikatia chumvi na kitunguu, nikaviringa, nikajaza kikapu cha mashine mpaka juu kama lori linalotoka mpakani Kasindi. Nikabonyeza. Umeme wa kiwanja kizima ukazima.

Mama Florentine, mwenye nyumba yetu, alikuwa anapiga pasi. Alikuja na pasi mkononi. "Papa Shekinah, umeme ya hapa ni ya kupima. Uko napika ama uko nachomelea milango ya chuma?"

Tumepatana: mimi nikiwasha mashine, yeye anaweka pasi chini. Nimemwahidi madonge.

Nilipowasha tena, yalitoka meusi nje na mabichi ndani, halafu yakafumuka yote yakawa makombo. Binti yangu Shekinah aliyala kwa kijiko, akasema ni matamu. Lakini huyo hula hata chaki.

Ijumaa, tarehe 9

Nimegundua siri. Yai, ili nyama ishikane. Mkate mkavu uliolowekwa kwenye maziwa, ili isikauke. Poireau, kile kitunguu cha majani marefu, iliyokatwa ndogo ndogo. Viganja vilowane maji wakati wa kuviringa. Yawekwe machache kwa wakati mmoja, yasigusane, hewa ipite, na katikati ya safari yageuzwe.

Kusema kweli Jeannine ndiye aliyeyasema haya, akiwa amesimama mlangoni amekunja mikono. Lakini yai nililinunua mimi.

Yametoka ya kahawia, na ngozi kidogo juu, ndani laini. Nimekula sita nikiwa nimesimama. Mama Florentine amekula manne na sasa ananiita "chef". Nimefurahi sana leo. Nimekwisha kuiona sebule ya Beni, na kiti changu karibu na dirisha.

Jumapili, tarehe 11, asubuhi

Jeannine amechinja jogoo alfajiri, amemnyonyoa, amemkata, kisha amekwenda kwenye ibada ya kwanza kwa sababu anaimba katika kwaya. Ameniambia nisiguse vya tumboni mpaka arudi. Nimesema tumbo langu mwenyewe linauma, nitaomba nikiwa nyumbani.

Alipopita kwenye kona nikaanza. Nimetoa nyama yote mifupani, nimesaga, na firigisi ndani pamoja na wenzake. Kinu cha kusagia nyama kilikwama kidogo, kra kra, nikasukuma kwa nguvu. Baada ya hapo nimechanganya vizuri sana. Hakuna mwanadamu atakayejua iko wapi.

Jeannine amerudi na kuuliza firigisi. Nimemwambia imehifadhiwa. Si uongo.

Jumapili, jioni

Naandika kwa sababu hakuna anayetaka kuzungumza nami.

Walifika wote: mzee Kataliko katika koti lake la Jumapili, Josaphat, Mariette. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, na madonge ndani ya mchuzi wa nyanya. Josaphat aliomba, kwa kirefu. Kisha mzee akachukua kijiko, akageuza madonge katika sahani, moja moja, polepole.

Akauliza kwa sauti ndogo kama kuku yuko wapi. Jeannine akasema ndiye huyo. Akauliza, "Na firigisi?"

Mariette alimtazama mdogo wake kisha akatazama chini. Hapa kila mtu anajua anavyodhaniwa mwanamke ambaye kuku wake amefika mezani bila firigisi: kwamba amemwibia mgeni akiwa jikoni. Jeannine hakujitetea. Alinitazama tu, machozi yakimlengalenga. Nilipata aibu ambayo sikuwa nimeiweka katika mpango.

Nikasimama. Nikaeleza kwamba firigisi ipo, imo ndani ya madonge yote, kidogo kidogo, ili kusiwe na mkubwa wala mdogo. Nilitumia neno démocratie. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akatia donge mdomoni, akatafuna.

Kra.

Akatoa kijiwe mdomoni, akakiweka ukingoni mwa sahani. Josaphat naye: kra. Mariette: kra. Firigisi, kumbe, ni mfuko wa mchanga. Kabla ya kupikwa hupasuliwa, mchanga ukamwagwa, ngozi ya njano ikabanduliwa. Kwetu wanawake ndio hufanya hivyo na mimi sikuwahi kukaa nao jikoni. Nilikuwa nimesaga changarawe yote ya kiwanja na kuwagawia wageni kwa usawa.

Josaphat alicheka mpaka akakohoa. Mzee hakucheka. Alitoa ufunguo katika koti akauweka mezani.

"Josaphat iko na manyumba tatu, atafanya nini na ya ine? Nilikuja na mufunguo hii juu yako, Gustave. Nusu ya firigisi ilikuwa ya weye. Mais mutu mwenye anaficha firigisi ya kuku, kesho atanificha na nyumba."

Akausukuma ufunguo kwa Jeannine. "Kamata, mutoto wangu. Nyumba ni yako. Bwana yako atalala mule kama utamukubali."

Jeannine amechukua ufunguo kwa mikono miwili, akamshukuru baba yake, akaenda kuwakaangia wageni mayai. Kwa mafuta.

Nimeumia sana. Nusu ile ilikuwa yangu. Nimeisaga kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 8 mwezi wa saba. Beni.

Tumehamia. Nyumba ni nzuri, ina veranda. Jeannine amenikubali, kwa masharti: nifute viatu mlangoni, na nisiingie jikoni. Chumba cha mbele, ambacho nilikuwa nimekichagua kwa kiti changu, amempangisha Josaphat kuweka maboksi ya bidhaa zake. Majirani wananiita bwana ya Mama Jeannine. Ofisini naandikisha nyumba za watu.

Mzee Kataliko ametuma habari kwamba atakula Noeli kwetu. Jeannine anasema baba yake si mtu wa kushika hasira, na moyo wake unaweza kurudi. Nimetafakari kwa utulivu jambo lote tangu mwanzo, bila kujionea huruma. Mpango ulikuwa mzuri. Mashine ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa moja tu: kuku.

Mbuzi hana firigisi.

Jeannine anasema mbuzi akichinjwa, kichwa chake lazima kiwekwe mbele ya baba kizima, pamoja na masikio. Nimempigia Josaphat simu kumuuliza kama ana kinu kikubwa zaidi, chenye nguvu ya kusaga mfupa.