Tamko la Mwenyekiti Kuhusu Matokeo ya Tuzo za Filamu na Suala la Beseni

Mheshimiwa mama mkwe wangu, Mlezi wa Umoja wetu wa Wapenzi wa Filamu na mwenye kiti pekee chenye mto. Ndugu Kinyozi, Katibu Mkuu, Mkuu wa Projekta na Kaimu Mkuu wa Mapazia. Mke wangu, mama watoto, Mjumbe wa Kudumu wa safu ya mbele. Wadau wote mlioketi kwenye viti vya plastiki, mlioketi kwenye benchi, na mliosimama kwa kuwa benchi limevunjika mguu na suala lake linashughulikiwa katika ngazi za juu. Na kwa namna ya pekee kabisa Dada Fundi, mwenye duka hili la ushonaji linalotuhifadhi kila Jumamosi jioni, Msemaji Rasmi wa filamu zetu zote za kigeni, ambaye natambua uwepo wake ingawa ametupa mgongo na anashona. Itifaki imezingatiwa. (Makofi. Cherehani inalia.)

Ndugu wajumbe, nasimama mbele yenu nikiwa nimevaa suti, tena suti iliyoshonwa humu humu, ili kutoa tamko rasmi kuhusu matokeo ya tuzo za filamu yaliyotangazwa jana kwenye televisheni, na nalitoa nikiwa Mkurugenzi Msaidizi Mstaafu wa Idara ya Vipimo na Mizani, na pia nikiwa mtu pekee kati yenu aliyepata kusoma ng'ambo, kozi ya juu ya mizani, katika nchi ile ile ilikotengenezwa filamu yetu pendwa, jambo ambalo sipendi kulitajataja na ndiyo maana huwa nalitaja mara moja tu kwa kila kikao. (Kicheko. Sauti: "Mara mbili!")

Filamu hiyo, ambayo sisi sote humu tunaijua kwa jina la Mchumba wa Beseni, na ambayo tumeitazama hadi shuka la ukutani limeanza kuikariri, iliingia katika vinyang'anyiro vinne na kutoka na tuzo moja. Wapo watakaosema tumeshindwa mara tatu. Huo ni upotoshaji. Kamati ya Takwimu, ambayo mwenyekiti wake ni mimi na mjumbe wake pia ni mimi, imefanya upembuzi yakinifu na kubaini kwamba katika tuzo zote tulizoshinda, tumeshinda kwa asilimia mia moja. (Makofi. Katibu anapiga mluzi.)

Nikianza na tuzo ya mwigizaji bora wa kike, amepewa mama mmoja aliyekaa filamu nzima akitazama dirisha, na mimi nauliza kwa mapana na marefu, kama kutazama dirisha ni kipaji, mbona wahasibu wa idara yangu hawakupewa kitu miaka yote ile? Tuzo ya muziki imekwenda kwa filamu ambayo muziki wake ni mlango unaofungwa. Tuzo ya mavazi ndiyo iliyoniuma mimi binafsi, maana imekwenda kwa gauni la malkia ambalo pindo lake, kwa macho yangu haya, lilikuwa limepinda kwa nyuma, na laiti Dada Fundi angekuwa anaongea nasi, angethibitisha. (Cherehani inasita kidogo, kisha inaendelea kwa kasi.)

Sasa naomba nije kwenye tuzo tuliyoshinda. Tuzo hiyo, ndugu wajumbe, ni ya Filamu Bora ya Kuhuzunisha.

Kwa faida ya waliochelewa, na kwa ajili ya kumbukumbu, nieleze kilichotokea. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, televisheni iliweka mkalimani wa Kiswahili. Mkalimani akatangaza kwamba mshindi ni filamu iitwayo Nyumba Inayouzwa, na hapa ndani hakuna aliyepiga makofi kwa sababu hakuna aliyewahi kuisikia, mpaka waliporusha kipande chake tukaliona lile beseni. Wote tunakijua kipande hicho. Yule tajiri mwenye kofia anafika mlangoni kwa mjane na viatu vyenye tope, anaomba kumuoa, mjane anammwagia beseni zima la maji na kumwambia, "Kaoge kwanza, ndipo tuongee." Naye anarudi tena na tena, kila akirudi ni msafi zaidi, hadi mwisho wa filamu mjane anavaa gauni jeupe na wanatia saini cheti cha ndoa, na mama mkwe wangu anapiga vigelegele, na tunaenda kulala tukiwa na imani na dunia.

Kwa mujibu wa mkalimani wa televisheni, tajiri yule si tajiri wala si mchumba. Ni dalali wa mnada. Amekuja kuiuza nyumba. Mjane anammwagia maji kwa kuwa hana kitu kingine mkononi, na maneno anayosema ni kwamba nyumba hii aliijenga baba yake. Gauni jeupe ni sare ya jikoni, kwa sababu amepata kazi hotelini, na kinachotiwa saini pale mwisho ni hati ya mauzo. (Mtu mmoja nyuma anaguna.) Nanyi mlifanya nini, wajumbe wangu? Mkageuka, kichwa kwa kichwa, mkamtazama Dada Fundi.

Napenda kulaani kugeuka huko. Nami niligeuka, lakini niligeuka nusu.

Mnakumbuka wenyewe alivyosimama, futi ya kupimia ikiwa shingoni, akakichukua kile kigoda chake cha pembeni mwa projekta ambacho tangu tuanze hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia, akakisukumia chini ya meza ya kukatia. Akasema lugha ile haijui hata salamu. Akasema kaka yake ndiye aliyekuwa akiijua na ndiye aliyetarajiwa kututafsiria, na kaka yake aliposafiri kikazi, Jumamosi ile ile mama mkwe wangu aliuliza huyo mwenye kofia anasema nini, na yeye akaona vibaya kumwacha mtu mzima bila jibu, basi akajibu, na akaendelea kujibu filamu baada ya filamu. Kisha akasema kauli ambayo ndiyo iliyonivalisha suti leo. Alisema, "Nimewadanganya vya kutosha. Kuanzia sasa mtaangalia kimya." (Cherehani inalia kwa nguvu.)

Ndugu wajumbe, madhara ya kauli hiyo ni mtambuka. Filamu mpya iko tayari kwenye projekta. Asubuhi hii Katibu wetu alijitolea kufanya majaribio ya usemaji, na ninanukuu tafsiri yake neno kwa neno: "Huyu mtu anaongea. Sasa na huyu naye anaongea. Wamenyamaza." (Kicheko. Katibu anasema mwanzo mgumu.) Mama mkwe wangu alisinzia kabla ya jina la mwongozaji. Tukiendelea hivi, Umoja huu utakufa, na kila mmoja wetu atarudi kukaa kwake na rimoti yake, akitazama watu wa ng'ambo wakichezesha midomo.

Ndipo natangaza Mpango Mkakati wa kumrejesha Msemaji, wenye awamu tatu, nguzo tano na rodimapu. Katika awamu ya kwanza kigoda kitawekewa mto, wenye hadhi sawa na ule wa Mlezi. (Mlezi anaushika mto wake.) Katika awamu ya pili shuka litafuliwa. Katika awamu ya tatu tutaunda kikosi kazi cha kuangalia awamu ya kwanza na ya pili. Aidha, tutaweka kumbukumbu ya mchango wa tafsiri yake katika utumishi wa umma, kwa kuwa maneno yale, kaoge kwanza ndipo tuongee, niliyaagiza mimi mwenyewe yaandikwe ukutani kwenye mapokezi ya Idara ya Vipimo na Mizani, yakawa ndiyo mkataba wetu wa huduma kwa mteja, na malalamiko yakapungua kwa asilimia themanini, kwani wateja walikuwa wakiyasoma na kurudi nyumbani. (Makofi marefu. Mama mkwe ananyoosha mkono.)

Naona mkono wa Mheshimiwa Mlezi. Swali lake nalijua, aliniuliza jana mbele yenu, na akaniuliza tena leo kwenye chai. Alisema, "Baba, si wewe ulisomea huko huko? Mbona kila tulipokuuliza ulituambia tafsiri ni sahihi?" Nilimjibu kwamba swali lake ni zuri. Nikamjibu kwamba litajibiwa katika wakati muafaka. Nimesikia pia minong'ono ya kinyozini, kwamba ama Mwenyekiti hakusoma kokote, ama alisoma akaambulia koti la baridi. (Katibu anaangalia dari.)

Wakati muafaka umefika, na nitaomba hapa niweke karatasi pembeni.

Lugha ile naijua. Nimepangisha chumba kwa lugha ile, nimegombana na mwenye nyumba kwa lugha ile, nimefanya mtihani wa mizani kwa lugha ile. Jumamosi ile ya kwanza, dalali alipofungua mdomo nilielewa kila neno, na Dada Fundi aliposema amekuja kuposa, nikanyoosha mkono kutoa taarifa, kwa mujibu wa kanuni. Mkono ulikuwa umefika hapa. (Anagusa sikio.) Basi mjane akamwaga beseni, Dada Fundi akasema kaoge kwanza, na mke wangu akacheka. (Cherehani inapunguza mwendo.)

Ninyi mlisikia mtu anacheka tu. Mimi nilikuwa sijausikia mcheko ule tangu kitinda mimba wetu aolewe akahamia mbali, tukabaki wawili na sahani mbili, na huyu mama hapa anakula huku akiitazama sahani. Nilimnunulia redio. Nilimwimbia. Niliunda kamati. Hakuna kilichosaidia, jamani, hakuna. Halafu fundi cherehani asiyejua hata salamu ya watu wale akaweza kwa sentensi moja. Mkono ulikuwa bado uko juu, na watu wameanza kunitazama, basi nikajikuna sikio na kukaa chini. (Mama watoto anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Cherehani inanyamaza.)

Mlipouliza kama tafsiri ni sahihi nikasema sahihi, na leo nasema hivyo tena nikiwa na akili zangu timamu. Maisha yangu yote nimekaa kwenye mizani, najua kitu kilichotimia uzito. Kama kuna aliyedanganya humu ni mimi, msomi, na mimi sijutii hata kidogo.

Kwa hayo machache, naomba mniitikie. Beseni! (Umati: "Maji!") Filamu! (Umati: "Ya kwetu!") Kigoda! (Umati: "Kirudi!") Nawashukuru waandaaji wa tuzo kwa kuitunuku Nyumba Inayouzwa, ni filamu nzuri na siku moja tutaitazama. Na nawashukuru ninyi nyote, mlioilia, mlioicheka na mlioipigia vigelegele kila Jumamosi filamu iitwayo Mchumba wa Beseni, ambayo haijapata kutengenezwa na mtu yeyote, popote, isipokuwa hapa kwenye kigoda hiki. Asanteni kwa kunisikiliza. Dada Fundi, tafadhali, rudi.

(Dada Fundi anageuka taratibu, futi shingoni, anamtazama Mwenyekiti kuanzia viatu hadi tai.)

"Mwenyekiti," anasema, "kaoge kwanza, ndipo tuongee."

(Kelele, makofi, mguu mwingine wa benchi unavunjika. Dada Fundi anakivuta kigoda kutoka chini ya meza. Katibu anazima taa na kuwasha projekta. Mama mkwe anauliza huyo mwenye koti refu anasema nini, na anajibiwa.)