Mtaalamu wa Viti Viwili

Kauli alipita kibarazani kwa mwenye bucha akitafuta mtu wa kumtapeli kabla ya chai, akakuta ugomvi umeshaiva. Redioni madaktari wawili walikuwa wakivutana: mmoja anasema mafuta ya nyama na siagi yanaharibu mishipa ya moyo, mwenzake anasema mambo si mepesi kiasi hicho. Mwenye bucha alishika la huyu wa pili. Shemeji yake, mke wa kaka yake, anayeuza mafuta ya alizeti kwenye kibaraza hichohicho, alishika la wa kwanza, na alikuwa akiwaeleza wateja wa bucha, kwa huruma kabisa, wakiwa bado kwenye foleni.

Kauli akasikia raha mwilini. Watu wawili wenye bidhaa, na kila mmoja anatamani kuambiwa yuko sahihi. Angeomba nini tena?

Kesho yake alirudi na koti jeupe la kuazima kwa kinyozi. Alimnong'oneza mwenye bucha kwamba utafiti mpya umesafisha jina la mafuta ya nyama. Jioni akamnong'oneza shemeji kwamba utafiti mpya zaidi umelichafua tena. Fedha hakutaka; mwanasayansi wa kweli, alisema, hupokea sampuli tu. Basi huyu akawa anamkatia mbavu zilizonona, yule anamjazia chupa za mafuta, wote wakiamini vinakwenda maabara.

Vilikwenda kwa mama mwenye nyumba wake, kwenye friji. Kauli alikuwa na ndoto, na tusimcheke kwa hilo: alitaka kufungua kibanda cha nyama ya kukaanga, chake mwenyewe, aache maisha ya kukimbiakimbia. Meza na karai alishapata, navyo vilikaa kwa mama huyohuyo.

Kosa lake ni kuijaza friji mpaka mama akakosa pa kuweka maziwa. Mama akaenda kibarazani kulalamika kwamba huyo daktari wao ana sampuli nyingi mno, na zote ni mbavu na chupa za mafuta. Mwenye bucha na shemeji yake wakatazamana. Ilikuwa muda mrefu hawajakubaliana jambo.

Hawakumgusa. Kila mmoja, kwa wakati wake, alimwomba aje kwenye uwanja wa mtaa Jumamosi kumtetea dhidi ya mtaalamu wa upande wa pili. Mwenye bucha aliahidi paja zima, shemeji akaahidi dumu. Mtu mwenye akili angekataa moja. Kauli alikubali yote mawili, akipanga kutangaza kwamba mpinzani wake ameugua.

Jumamosi alikuta mtaa mzima umejaa, na mbele kuna viti viwili. Mwenye bucha alimwonyesha vyote kwa heshima.

"Karibu, daktari. Anza na chochote. Ukichoka, hamia kingine."

Watu wakaangua kicheko. Kauli angeweza kutoka mbio, miguu alikuwa nayo. Lakini umati ule ulinyamaza kumsikiliza yeye, na kitu hicho hakuwahi kukikataa maishani. Akaketi kiti cha upande wa alizeti.

"Mafuta ya nyama yanaganda kwenye sahani," alisema. "Mishipani yatafanya nini, yatacheza?"

Akahamia upande wa nyama. "Kwani wewe sahani? Babu yako alikula hayahaya."

Akarudi. "Babu yangu alitembea kutwa. Wewe unapanda pikipiki kwenda dukani."

Akajiuliza ukiacha siagi ukahamia sukari umepona nini, akakosa jibu, akajizomea. Akajiita mjinga, akajitaka radhi, akakataa kujisamehe. Watu walilia kwa kucheka. Mwenyewe alinogewa hata hakuona mama mwenye nyumba, mwenye bucha na shemeji wameondoka.

Sauti ilipokauka, umati uligeuka kufuata harufu. Nyuma ya uwanja kulikuwa na meza yake, karai lake na mbavu zake. Mwenye bucha alikata, mama akakaanga, shemeji akapokea fedha, na foleni ilipinda hadi barabarani. Kibanda chake kilikuwa kimefunguliwa. Kauli alitaka kulia. Kupiga kelele asingeweza, maana angeulizwa nyama aliipata wapi.

Njaa ikamsukuma kwenye foleni.

"Tukukaangie kwa mafuta yapi, daktari?" shemeji aliuliza. "Ya alizeti au ya mbavu?"

Watu wote wakageuka kusikiliza. Kauli alifikiri kwa dhati, akagundua kwamba pande zote mbili zilikuwa zimemshawishi.

"Yoyote," alisema, akalipa, akala akiwa amesimama. Ilikuwa tamu sana, na hilo ndilo lililomuuma.