Mlango wa Gari la Baba Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Ushindi! Funguo za gari la baba mkwe zimo mfukoni mwangu. Nikitembea zinalia. Leo nimetembea sana.

Miaka tisa nimekuwa mkwe wa pili katika familia yenye wakwe wawili. Wa kwanza ni mwanyumba wangu, mume wa dada wa mke wangu. Mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, shati limenyooshwa pasi mpaka kwenye vifungo. Ana sanduku la vifaa ambalo ndani yake amechora umbo la kila bisibisi, ili kila moja irudi mahali pake. Kitu kikiharibika kwa wakwe, anaitwa yeye. Mimi naitwa kushika tochi.

Lakini mwezi uliopita alirudisha gari la Mzee, baba mkwe wetu, nyuma, akalikwaruza upande wa abiria kwenye ukuta wa geti. Sikufurahi. Yaani, nilifurahi kidogo tu.

Sasa mama mkwe amefanyiwa upasuaji wa goti. Anatoka hospitali Jumamosi, na mguu hautakiwi kukunjwa hata kidogo. Daktari amesema akae mbele, siti isukumwe nyuma mpaka mwisho. Gari lenyewe lina milango miwili tu, wa dereva na wa abiria. Mzee macho yake hayamruhusu tena kuendesha. Akaniita mimi. Akanikabidhi funguo kwa mikono miwili, akasema, "Nakuamini." Basi. Machozi yalinilengalenga.

Nikalileta nyumbani nikaliosha. Nikaona raba ya mlango wa abiria imebanduka, inaning'inia. Nikajisemea, hapa ndipo mkwe anapojulikana. Nikanunua gundi, ile kali kabisa. Maelezo yalikuwa marefu, herufi ndogondogo, sikuyasoma. Nikaipaka raba upande mmoja. Halafu nikaipaka na upande wa pili, ili ishike vizuri zaidi. Nikafunga mlango, nikausukuma kwa makalio hadi nikahesabu mia mbili.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimeshikana. Nimevifunga bandeji. Mke wangu nimemwambia nimejikata na kisu.

Jumanne, 7 Mei

Mlango haufunguki.

Nilivuta taratibu. Nikavuta kwa nguvu. Nikaweka mguu kwenye ubavu wa gari nikavuta kwa mwili mzima. Nikaenda kuvutia kwa ndani, kile kishikio kikatoka kizima kikabaki mkononi. Nimekificha chini ya siti.

Ndipo nikatafakari ile gundi niliyopaka pande zote mbili. Lo! Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyumba kama dakika ishirini, sina hata nguvu ya kujitukana.

Mke wangu alipouliza, nilimwambia kitasa kimegoma. Gari la zamani, vitasa vinachoka. Ningemwambia ukweli? Nilitaka, wallahi nilitaka. Mdomo ukafunguka wenyewe, ukasema kitasa.

Nikajaribu maji ya moto. Birika tatu. Mlango haukufunguka, ila redio ya gari sasa inakoroma.

Mke wangu amesema kesho niite fundi. Amesema kwa upole. Upole wake unaniumiza kuliko angefoka.

Jumatano, 8 Mei

Fundi amekuja. Ni mtu mzima, mtaratibu, mfupi, kofia ya sufu. Kabla ya kugusa chochote akauliza kabla mlango haujagoma ulifanywa nini. Nikamwambia haukufanywa kitu.

Akaingia kwa upande wa dereva, akalala kwenye siti, miguu ikatokeza nje dirishani. Akafungua bodi yote ya ndani ya mlango. Akakikagua kitasa, akakipangusa, akakitia mafuta. Akatoa kichwa akauliza tena, hivi kweli haukufanywa kitu? Nikasema kweli. Nikamwongezea chai.

Saa sita mchana akatangaza kwamba kitasa ni kizima, kinaachia kama kawaida, na mlango haujafungwa na chochote. Akauliza kwa mara ya tatu. Nikasema labda ni hali ya hewa.

Alikusanya vifaa vyake. "Miaka ishirini na sita nafanya kazi hii," aliniambia, "sijaona mlango uliofunguka ukabaki umefungwa." Alisema atalala analifikiria jambo hili. Mtu mzima yule, mikono imejaa grisi, ananiomba radhi mimi kwa kushindwa! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Haikupasuka. Badala yake Mzee akapiga simu kuuliza gari linaendeleaje. Nikasema zuri, ila mlango wa abiria unasumbua. Akanyamaza. Ukimya wa Mzee ni mzito, mtu hawezi kuubeba peke yake. Nikasikia sauti yangu ikisema labda ni ule ukuta wa geti.

"Nilijua," Mzee akasema. Akakata simu.

Sikumtaja mtu. Liandikwe hapa wazi kwamba sikumtaja mtu.

Alhamisi, 9 Mei

Mwanyumba amekuja. Ameomba ruhusa shuleni.

Nilimwona dirishani akishuka na sanduku lake, nikajua amekuja kunivunja meno. Nikatafakari kutokea mlango wa nyuma. Kumbe amekuja kuomba msamaha! Mzee alimpigia simu jana, akamwambia kwamba mama mkwe akishindwa kurudi nyumbani Jumamosi, lawama ni yake. Mwanyumba hakulala. Amesimama mbele yangu, shati halijapigwa pasi. Sijawahi kuona hivyo tangu nimjue.

Alisema siku ile ukutani aliusikia mlio, akajipa moyo kwamba ni rangi tu. Kumbe aliumiza kitu cha ndani. Aliniambia yeye ndiye aliyeniharibia heshima yangu ya kwanza kwa wakwe, na hajui atanilipaje.

Nilifungua mdomo nimwambie. Haki ya Mungu niliufungua. Nikasema, "Karibu chai."

Saa tatu nzima amepiga magoti juani, upande wa abiria, anatafuta mahali bati lilipobonyea. Halijabonyea popote. Kila akiona mkwaruzo anasema "hapa, labda ni hapa," na uso unamshuka zaidi. Mimi nilikuwa nimemshikia mwavuli. Kwa mara ya kwanza nilitamani ningekuwa nimeshika tochi.

Alipoondoka akanishika bega akaniomba nisimchongee zaidi kwa Mzee, nisiseme kwamba aliusikia ule mlio. Nikamwahidi kumtunzia siri yake. Siri yake! Niliahidi na mkono nikampa.

Chakula hakikupita leo. Mke wangu anadhani nasikitikia goti la mama yake.

Ijumaa, 10 Mei

Aibu tupu. Naandika nimesimama.

Asubuhi nilipata wazo. Kwani mama mkwe lazima apite mlango wake? Akipandia mlango wa dereva, akapita juu ya gia, akatelezea upande wa pili, mambo yameisha. Ila lazima nijaribu kwanza mimi, mguu ukiwa haukunjwi. Nikafunga mpini wa ufagio kwenye mguu wa kulia, kwa tai zangu mbili. Nikaingia kinyumenyume.

Nilifika nusu. Mguu ulitoka nje mlangoni ukiwa umenyooka, gia ikanishika mahali ambapo sitapaandika, na mgongo ukalalia honi. Honi ikalia. Ikaendelea kulia. Mtaa mzima ulitoka. Jirani wa mkabala, mama mmoja muuguzi mstaafu, alisogea akanichungulia, akauliza kwa adabu zote ni goti gani.

Mke wangu akaja mbio. Ili anisukume, ilimbidi aingie kwa dirisha la abiria mpaka kiunoni, na uso wake ukawa sawasawa na ukingo wa mlango. Akaacha kusukuma. Nilimsikia akikwaruza kitu kwa ukucha.

"Hii ni gundi," akasema.

Nilimwambia huenda ni utomvu wa mti.

Akatoka dirishani. Akazunguka gari, akanishika mkono wa kushoto, akaifungua bandeji pale pale mbele ya watu. Vidole vyangu viwili vikatoka vimekumbatiana, vyeupe, bila hata alama ya kisu. Akavitazama sana. Hakufoka. Aliniuliza tu kama shemeji yake alipiga magoti juani kwa saa tatu nzima kwa ajili ya gundi. Nilitikisa kichwa kukubali. Honi bado ilikuwa inalia.

Fundi aliitwa tena. Mke wangu ndiye aliyemweleza, mimi nilikuwa nimejifanya natafuta kitu bafuni. Akachukua kisu chembamba na mafuta ya kupikia ya jikoni kwetu, akauzungukia mlango pole pole. Robo saa. Ukafunguka. Raba imechanika vipandevipande, lakini umefunguka. Kile kishikio alikiona chini ya siti, akakirudisha bila kuuliza kimefikaje huko.

"Nilikuuliza mara tatu, bwana," aliniambia alipokuwa akinawa. Nikamsindikiza hadi barabarani, nikishindwa hata kumtazama kofia.

Mke wangu amenipa sharti moja. Gari si kitu, amesema. Lakini kesho, mbele ya baba yake, nimsafishe shemeji yake. Nimekula kiapo.

Jumamosi, 11 Mei

Mlango ulifunguka vizuri. Hilo niliandike kwanza, maana ndilo zuri pekee.

Tulikuwa uani pale hospitali: Mzee na fimbo yake, mke wangu na dada yake, mwanyumba, na mama mkwe kwenye kiti cha magurudumu, mguu umenyooshwa mbele. Nikafungua mlango wa abiria. Siti nyuma mpaka mwisho. Nesi akamwinua, mwanyumba akaushika mguu kwa mikono miwili kama amebeba yai, mama mkwe akaketi, akashusha pumzi. Niliona furaha kidogo ikinijia. Nikaifukuza, maana nilikuwa na kazi.

Nikakohoa. Nikasema, "Mzee, nina neno."

Mzee akanyanyua mkono ninyamaze kwanza. Akamgeukia mwanyumba. Akamwambia mbele ya wote amwombe mama msamaha kwa uzembe wake, ili jambo liishe leo na lisifike nyumbani. Mwanyumba, mtu wa miaka arobaini na minne, akachutama kando ya mlango, kichwa chini, akaomba msamaha. Mkewe akageukia ukuta.

Mzee akanirudia. "Haya, neno lako."

Kila mtu alinitazama. Mke wangu alinitazama kuliko wote. Maneno niliyafanyia mazoezi tangu alfajiri: ni mimi, ni gundi, ni mimi. Nikasema, "Mzee, nilitaka tu kuomba asamehewe. Ajali ni ajali."

Mzee akanikumbatia. Mbele ya watu! Akasema amepata mtoto wa kiume mwenye moyo mkubwa. Mwanyumba akaja naye akanikumbatia, kifua kinamtetema, akaninong'oneza asante. Sijawahi kukumbatiwa hivyo na sijawahi kujisikia mchafu hivyo.

Njiani mama mkwe alikuwa akijaribu kuubandua mtandio wake uliong'ang'ania kwenye ukingo wa mlango. Akaubandua, akaunusa, akaukunja mapajani. Hakusema lolote mpaka nilipozima gari nyumbani kwao na Mzee alipokuwa ametangulia kufungua geti.

"Mwanangu," akasema, "yule mwenzio ana watoto. Usiwaache waone baba yao hivi."

Nikasema ndiyo, mama. Nilisema nikitazama usukani.

Mke wangu hajazungumza nami tangu mchana. Chakula aliweka mezani, akaondoka.

Jumapili, 12 Mei

Leo nimekwenda kwa mwanyumba. Kwa miguu, ili nipate muda wa kujipanga. Nilirudia maneno njia nzima kwa sauti, watu wakanipisha.

Alinifungulia mwenyewe. Kabla sijakaa akawaita watoto wake watatu waje kumwamkia baba mdogo aliyemtetea baba yao. Wakaniamkia mmoja mmoja. Yule mdogo akanishika mkono wa kushoto, ulio na ngozi mpya tangu vidole viachane. Mkewe akaleta chai, akaleta na maandazi, akaniita ndugu. Nikaanza, "Mwanyumba, kuhusu ule mlango..." Mwanyumba akanikatiza, akasema hataki niutaje tena, mimi ni mtu mwema mno. Akaingia chumbani, akatoka na sanduku la vifaa. Lile lile, lenye michoro. Akaniwekea mapajani. Alisema yeye hastahili tena kutengeneza kitu cha mtu, na kwamba anataka likae kwa mtu anayeaminika.

Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikapokea, kwa sababu kukataa mara tatu ni utovu wa adabu.

Lilikuwa zito. Nilipumzika mara nne njiani, na mara ya nne nikakaa juu yake nikafunika uso kwa mikono. Mama mmoja aliyepita akaniuliza kama nimefiwa.

Mke wangu alikuwa sebuleni. Akauliza neno moja, kama nimemwambia. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, sanduku mkononi, mabega yananiuma, naye ananitazama kwa mara ya kwanza tangu jana. Macho yenye matumaini kabisa. Ningefanyaje?

Nikasema nimemwambia. Yote. Nikasema amenisamehe, tena akanipa na sanduku lake kama ushahidi.

Alinyanyuka akanikumbatia, akalia kidogo begani kwangu. Akasema alijua tangu mwanzo kwamba ndani yangu kuna mtu. Kisha akapangusa macho, akasema ngoja ampigie dada yake, ampongeze kwa kuolewa na mtu mwenye roho kubwa namna ile.

Niko chumbani, namsikia sebuleni akitafuta namba. Si kitu. Nimeshalipanga. Nitamwambia mke wangu kwamba mwanyumba anaona haya, ndiyo maana anakana kwamba nilimwambia.