Siku Fundi Muzaffar Alipoliomba Paja

Sogeeni, enyi mlioshiba na ninyi wenye njaa, waketisheni watoto, punguzeni moto jikoni, kwa maana nakusudia kunena habari ya ushujaa usiopigiwa ngoma wala kuchongwa juu ya jiwe, uliotendeka mchana kweupe mjini Taiping, nyuma ya soko, chini ya bati la Dada Senah muuza wali kuku. Wala sikusimuliwa. Nilikuwapo, nimesimama safuni nyuma ya shujaa mwenyewe, na tumbo langu likinguruma.

Shujaa ndiye Muzaffar, fundi cherehani, mgane, mpole wa wapole, bwana wa sindano na uzi, ambaye alikuwa hajapata kumwambia mwanadamu hapana. Siku ya kwanza alipokula pale, Dada Senah alimwuliza anataka kipande gani, naye akajibu kwa adabu, "Chochote tu, dada." Akawekewa mgongo: mifupa, ngozi na matumaini. Tangu siku ile kila alipotokea, mgongo ulimtangulia mezani. Miaka ikapita. Naye alilitamani paja jinsi msafiri wa jangwani atamanivyo kisima, asilitamke.

Ndipo kudura ilipomleta Bi Rahayu, mkunga mstaafu mwenye macho ya kupima, aliyeingia dukani na kitambaa cha gauni akabaki kuzungumza mpaka wakati wa kufunga. Posa ilikwisha pelekwa. Jibu lilikuwa bado. Na asubuhi ya vita hivi, kama alivyonihadithia Muzaffar baadaye, Bi Rahayu alimwambia:

"Nakupenda, sikufichi. Lakini kila nikikuuliza kitu, chochote tu. Rangi ya pazia, chochote tu. Twende kwa daktari au tungoje, chochote tu. Marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo, na nyumba nzima nikaibeba mimi kichwani. Sitaki kuolewa na kivuli mara ya pili. Leo twende kwa Senah. Mimi niletee kidari. Wewe agiza unachokitaka mwenyewe, nami nitakuwa nakuona."

Wakafika adhuhuri, saa ya mapigano makali. Bi Rahayu akaiteka meza ya pembeni, akalaza mwavuli juu yake mithili ya bendera, na familia iliyokuwa ikiinyemelea ikarudi nyuma. Muzaffar akaingia safuni. Mbele yake, nyuma ya kioo, kuku wa kuokwa walining'inia wekundu, waking'aa mafuta kama deraya za makamanda, na mvuke wa wali uliopikwa kwa supu ya kuku na tangawizi ukapanda ukawatoa mate wanaume wazima. Hapo alisimama Dada Senah, jemadari wa panga pana, ambaye hushusha pigo akiwa anazungumza na mtu mwingine, na kuku akagawanyika sawasawa.

Kuku wakaanguka mmoja baada ya mwingine, hata katika mapaja likabaki moja tu kwenye ndoano. Mimi nami nilikuwa nalitaka, lakini tuyaache hayo. Zamu ilimfikia Muzaffar, na papo hapo akatokea Seman, dereva wa lori la mchanga, mabega kama mlango wa ghala, akapitisha mkono juu ya bega la fundi.

"Dada Senah, nifungie hilo paja. Haraka, lori nimeliacha linawaka."

"Kuna foleni, Seman."

"Foleni ya nani? Huyu ni wa mgongo, mji mzima unajua. Au sivyo, fundi?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Muzaffar akafungua kinywa, na lile neno la kale likamjia lenyewe ulimini. "Cho—" akaanza. Kisha akageuka akamwona Bi Rahayu. Hakukunja uso, hakumwashiria. Alikuwa ameshika kijiko, anangoja, kama mtu aliyezoea kungoja. Muzaffar akalimeza neno lile, akaweka viganja viwili juu ya kioo, akanena:

"Seman, subiri. Suruali yako nimeipunguza kiuno, nimeitanua kiuno, nimeipunguza tena, na hujanisikia nikisema kitu. Leo nasema. Zamu hii ni yangu. Na wewe, Dada Senah, nisikilize, maana sijui kama nitaweza tena. Mimi mgongo siupendi. Sijawahi kuupenda. Nataka paja, lile pale. Ngozi usiitoe, pilipili iweke pembeni, na supu iwe ya moto."

Panga likasimama hewani.

"Huupendi?" akauliza Dada Senah kwa sauti ya chini. "Kaka, mimi mgongo nakufichia. Watu wanauomba, nawaambia huo wa fundi. Sikukuu ya Idi nilimnyima shemeji yangu."

Pigo la namna hii hakulitazamia. Aliyejiandaa kwa adui hana ngao dhidi ya rafiki. Masikio yakamwiva, macho yakashuka, nami nikadhani yamekwisha. Lakini hakurudi nyuma.

"Nisamehe, dada. Kosa ni langu, nilinyamaza. Umenitunza miaka yote kwa kitu nisichokitaka. Hata hivyo, nataka paja."

Kicheko kikamtoka Dada Senah taratibu. "Basi shemeji atafurahi," akasema, na panga likashuka.

Seman akakuna shingo. "Haya, mimi nipe bawa. Fundi, na ile suruali? Alhamisi?"

"Jumamosi," akasema Muzaffar.

Akavuka uwanja wa vita na sahani mbili, paja lake na kidari cha Bi Rahayu, asimwage hata tone la supu. Akaketi, akala. Bi Rahayu alimtazama bila kugusa chake.

"Tamu?"

"Tamu. Ila wali wa leo chumvi imezidi."

Bi Rahayu akainamisha uso kuficha tabasamu. "Jumapili njoo uonane na kaka yangu, mpange siku. Na tukioana, tutakaa wapi?"

"Kwangu, juu ya duka. Asubuhi kuna mwanga mzuri."

"Kwangu kuna bustani."

"Bustani inajaa maji mvua ikinyesha."

"Na duka lako linanuka mafuta ya cherehani."

"Basi tutabishana," akasema Muzaffar.

Na Bi Rahayu, ambaye kwa miaka mingi hakuwa na mtu wa kubishana naye, akasogeza kiti karibu.

Andikeni, enyi wenye kalamu. Wako waliotwaa miji wakasahauliwa. Lakini adhuhuri hiyo, mvua ikianza kugonga bati la Taiping, wawili hawa walibishana mpaka supu ikapoa, na watu wakasimama na sahani zao mikononi, wakiona vibaya kuwaomba meza.