Ombi la Kuvuliwa Uzee Wakati wa Kula

Kwa Bibi Meneja wa nyumba ya wageni, mwenye subira nyingi,

Mimi ni mzee wa chumba cha juu ya jiko, niliyekuja kupanga maktaba ya shule jirani. Kabla sijaondoka, binti yangu, ambaye ni muuguzi, alinipa sharti: nafaka, kunde, mboga za majani na matunda tu. "Baba, ukirudi presha imepanda, hii ndiyo safari yako ya mwisho peke yako." Mtu aliyezeekea safarini kama mimi hajabakiwa na mengi, ila uhuru wa kwenda atakako. Kwa hiyo nalalamika.

1. Nilipomweleza mpishi wako kwamba sili nyama, alinitazama kwa huruma, akauliza nimefiwa na nani. Jioni nikaletewa mchicha, na chini yake, limefunikwa vizuri kama mtoto aliyelala, paja la kuku.

2. Nililirudisha. Akasema, "Babu, majani matupu nikupe wewe? Watu watanionaje? Kama ni meno, sema nikuchambulie." Kesho yake kuku alikuja amechambuliwa.

3. Nikaomba maharage. Yakaja yamechemshwa kwa supu ya mifupa, eti yapate nguvu. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Mimi bado napewa mifupa. Wakati huohuo dereva wa lori, jirani yangu wa mezani, anapakuliwa maharage safi na parachichi bila hata kuomba, kwa kuwa ni kijana na hakuna anayemheshimu. Aliniambia, "Mzee, tubadilishane, dhambi iwe yangu." Tulibadilishana. Mpishi akamfokea mtoto wa watu kwa kumnyang'anya mzee kitoweo.

4. Nimelichunguza jambo hili kwa utulivu. Nyama hainifuati mimi, inafuata mvi zangu. Mvi huleta shikamoo, na shikamoo huleta paja. Naomba basi nivuliwe uzee saa za kula: nisiamkiwe, nisiitwe Babu, nisiwekewe kiti chenye mto, na nipakuliwe wa mwisho. Nikishamaliza kula na kunawa mikono, nirudishiwe. Ikiwa hayo hayatoshi, niko tayari kunyoa kichwa.

Nisalimie mfua shuka, mlinzi wa getini, na dereva akipita tena.

Wako mwenye njaa ya heshima kidogo,
Mzee wa juu ya jiko

N.B. Kabla sijaileta barua hii, nilimdokezea mpishi ombi langu, na mchana huu amelitii. Sahani ilitua mbele yangu. "Haya, kula." Basi. Maharage safi, mchicha, chungwa. Binti yangu angepiga vigelegele. Nimekula vijiko viwili, nikaisukuma sahani. Katika mji huu wote, mpishi ndiye peke yake aniitaye Babu. Tafadhali ichane barua hii na umwambie arudishe shikamoo. Kama haiwezi kuja bila paja, na lije nalo. Kwa binti yangu nitajitetea mwenyewe.